Mpunga wa bondeni unajuaje kwamba Machi imefika?

Mkulima wa Kitere, Mtwara, amesia mpunga wa asili Desemba. Jirani yake kachelewa kupata mbegu, kasia mwishoni mwa Januari. Ikifika Aprili, majaruba yote mawili yanatoa masuke karibu katika wiki ile ile. Wa jirani ni mfupi na machipukizi yake ni machache, lakini haukusubiri umri wake utimie. Mwenye mbegu ya kisasa ya siku 120 yeye anavuna kwa kuhesabu tangu siku aliyopanda. Nikiulizwa kuhusu hili, jibu langu ni fupi: mbegu ya asili haihesabu siku, inapima usiku.

Hapo watu hunibishia. Huku kwetu, wanasema, mchana na usiku si sawa tu mwaka mzima? Karibu sawa. Mtwara na Lindi ziko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Desemba mchana unafika kama saa 12 na dakika 40, na mwishoni mwa Juni unashuka hadi saa 11 na nusu hivi. Machi unapungua kwa nusu dakika tu kila siku. Sisi hatuhisi chochote. Mpunga unahisi. Mwaka 1959 yalichapishwa matokeo ya mbegu iitwayo Siam 29, iliyopandwa Malacca, katika Malaysia ya leo, nyuzi 2 tu kutoka Ikweta, ambako mchana mrefu na mfupi wa mwaka hupishana kwa dakika 14. Iliyopandwa Januari ilichukua siku 329 hadi kuchanua. Ya Septemba, siku 161.

Kipimo chenyewe kiko kwenye majani. Protini zinazopokea mwanga, ziitwazo fitokromu, huijulisha saa ya ndani ya mmea kama bado kuna nuru au giza limeingia. Ujumbe huo unaishia kwenye jeni iitwayo Hd3a, iliyoko kwenye kromosomu ya 6. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha, Hd3a inawashwa na jani linatengeneza protini yake, ambayo husafiri ndani ya mmea mpaka kwenye ncha ya chipukizi na kuiamuru iache kutoa majani ianze suke. Mwanasayansi wa Kisovieti Chailakhyan alikisia kuwepo kwa ujumbe wa namna hii tangu miaka ya 1930, akauita florijeni. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2007 kwamba katika mpunga ni hiyo protini ya Hd3a. Tangu amri itoke hadi suke lichomoze hupita kama mwezi mmoja, na katikati ndipo mkulima anaposema mpunga umebeba mimba. Ukiona masuke Aprili, basi uamuzi ulifanyika Machi.

Anayenivutia zaidi katika mlolongo huu ni Hd1, jeni iliyotambuliwa mwaka 2000. Ni ndumilakuwili. Mchana ukiwa mfupi inaiwasha Hd3a. Mchana ukiwa mrefu inashirikiana na jeni nyingine, Ghd7, kuizuia. Kuna pia njia ya pili ya kuiwasha Hd3a, ya jeni Ehd1, ambayo Ghd7 huibana mchana ukirefuka. Na giza lenyewe lazima liwe zima: katika majaribio, taa ya dakika 10 tu katikati ya usiku iliweza kuzuia maua. Mwenye jaruba chini ya taa ya barabarani asishangae pembe moja ikibaki kijani.

Mpunga mwitu kwa jumla umebaki na mfumo huu ukiwa mzima. Chukua Oryza longistaminata, ule wenye mizizi-shina itambaayo chini ya tope unaowasumbua watu wakati wa palizi. Kwa kawaida haujichavushi wenyewe. Unahitaji chavua ya jirani. Mmea wa namna hiyo ukichanua peke yake umepoteza msimu, kwa hiyo ni faida kubwa mbuga nzima ichanue pamoja, maji yakiwa bado yapo.

Binadamu ndiye aliyeharibu kipimo, na alikuwa na sababu. Mpunga usingefika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako mchana wa kiangazi unazidi saa 15, bila jeni hizi kudhoofika. IR8, mbegu ya kisasa ya mwaka 1966, nayo ilichaguliwa isijali urefu wa mchana, ili ipandwe mwezi wowote. Kwenye skimu yenye maji ya uhakika hilo ni sawa kabisa. Kwenye bonde linalotegemea mvua na mafuriko sikubaliani na wanaoiona hisia ya mchana kama kasoro: mvua ianze Novemba au Januari, mpunga wa asili unakomaa maji yanapokauka. Hatari yake ni mvua kukatika Machi, na hapo mbegu ya muda mfupi inashinda.

Ukitaka kuzalisha chotara wa mbegu ya namna hii na ya kisasa, maua hayakutani yenyewe. Unaufunika ule wa asili kwa kitu cheusi kuanzia saa kumi jioni hadi asubuhi, kila siku, mpaka udanganyike. Halafu kizazi cha pili cha chotara huyo kisichambuliwe kwenye mpunga wa umwagiliaji uliopandwa Mei. Usiku wa wakati huo ni mrefu, kila mmea unaharakisha, na mimea yenye kipimo hutaitofautisha na isiyo nacho. Panda Desemba.