Kuku uani: je, miji iwazuie watu kuwafuga?

Kuku anayeonekana mzima anaweza kuniambukiza ugonjwa?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Bakteria wa salmonela na kampilobakta hukaa kwenye utumbo wa kuku bila kumsumbua hata kidogo. Anakula, anataga, manyoya yanang'aa, kumbe kinyesi chake kimebeba vijidudu. Kutoka hapo vinahamia kwenye miguu yake, ganda la yai, chombo cha maji na soli ya kiatu unachoingia nacho jikoni. Ukimeza salmonela, tumbo kusokota, kuhara na homa huanza mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36.

Nani yuko hatarini zaidi?

Watoto wa chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu. Mtazame mtoto wa miaka 3 aliyepewa kifaranga: anakikumbatia, anakigusisha shavuni, anakibusu, kisha kidole gumba kinarudi mdomoni. Umri huo asikishike kabisa. Mkubwa wake anaweza, ila anawe kwa sabuni palepale uani, kabla hajagusa kitasa cha mlango.

Na mafua ya ndege?

Virusi vya H5N1, aina mojawapo ya mafua hayo, vilijulikana kuambukiza binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1997 huko Hong Kong. Waliugua watu 18, wakafa 6. Binadamu huambukizwa kwa nadra, na mara nyingi ni yule aliyeshika ndege wagonjwa au mizoga. Kuku kadhaa wakifa kwa mkupuo, usiwale, usiwatupe jalalani, wala usiwachinje waliobaki. Mwite daktari wa mifugo.

Basi si afadhali mji upige marufuku?

Hapana, na nasema hivyo kwa sababu ya hilo jibu la hapo juu. Marufuku haiwamalizi kuku, inawaficha. Mtu anayefuga kwa siri, akiamka akakuta sita wamelala chali, hatampigia simu daktari wa mifugo, maana kupiga simu ni kujishtaki. Atawazika usiku, na wale wanaosinzia atawawahi kwa kisu ili asipate hasara. Hivyo mji unakosa taarifa siku ileile inayohitajika kuliko zote. Mimi naona bora banda linalojulikana na kukaguliwa.

Masharti gani yana maana kiafya?

Idadi iwe ndogo na banda liwe mbali na madirisha ya jirani. Chakula kiwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, kwa sababu pumba zilizomwagika ndizo zinazoita panya. Kinyesi kiondolewe kabla harufu yake haijaanza kuwasha macho, na anayefagia banda kavu afunike pua na mdomo, kwani vumbi lile linaingia mapafuni. Majogoo yakatazwe bila kusita: mtetea hutaga bila jogoo, ila yai hilo haliangui kifaranga, na usingizi wa jirani nao ni afya. Lakini pale nyumba zilipobanana ukuta kwa ukuta, hata kuku watatu ni wengi, na hapo sioni ubaya mji ukikataa.

Mayai ya nyumbani si salama kuliko ya dukani?

Ni mabichi zaidi, si lazima yawe salama zaidi. Lenye ufa au lililopakaa kinyesi liache. Yaliyobaki yapike mpaka kiini kigande. Na kuna jambo ambalo kupika hakuliondoi, nalo ni madini ya risasi. Kuku hudonoa udongo siku nzima. Palipobanduka rangi za zamani, au palipokuwa na karakana, risasi iliyomo udongoni huingia mwilini mwake na kutokea ndani ya yai, na kwa mtoto madini hayo hudhuru ubongo unaokua. Pima udongo kabla ya kujenga banda. Udongo ukiwa na risasi, wafugie kuku kwenye sakafu ya saruji yenye maranda, wasiufikie.