Mbu hajazoea dawa, na mwili wako pia haujaizoea

Juzi tena, redioni, mpiga simu kasema mbu wa siku hizi wamezoea dawa ya vyandarua. Mtangazaji akaitikia, "Kweli kabisa." Mgeni wa kipindi, mtu wa afya, akakohoa kidogo kisha akahamia kwenye usafi wa mazingira. Kauli hiyo naisikia kwenye mikutano ya kijiji, kwenye daladala mtu akishajua kazi yangu ya kupima mbu maabara, na mara mojamoja kwenye ripoti zenye nembo na saini. Basi naandika hapa, nikiulizwa tena nitatuma kiungo na kuendelea na shughuli zangu.

Ukiichambua, kauli hiyo inadai hivi: mbu anatua kwenye chandarua leo, dawa inamlevya, kesho inamlevya kidogo, wiki ijayo amekaa juu ya wavu anapanga mikakati. Mbu mmoja, yuleyule, anakomaa kwa mazoezi. Lakini dawa inayofanya kazi inaua. Aliyekufa usiku wa kwanza hana usiku wa pili wa kujizoeza. Na jike la Anopheles, mbu wa malaria, anayefikisha wiki tatu huko nje ni bibi kizee.

Njoo maabara uone mwenyewe. Tunachota viluwiluwi kwenye majaruba ya mpunga, tunawalea kwenye beseni hadi wawe mbu kamili, ndani ya vizimba vya neti ambavyo havijawahi kupata hata tone la dawa. Wakifikisha siku tatu hadi tano, tunawafyonza kwa mrija, majike 25 katika kila bomba, na bomba limetandikwa karatasi yenye asilimia 0.05 ya deltamethrini, mojawapo ya dawa za vyandarua. Wanakaa humo saa moja. Kisha wanahamishiwa bomba safi, wanapewa pamba yenye maji ya sukari, na kesho yake saa ileile tunahesabu maiti. Wakifa 98 au zaidi katika 100, kundi hilo bado linauawa na dawa. Wakifa chini ya 90, usugu, yaani uwezo wa kuistahimili dawa, umethibitishwa. Katikati hapo tunakuna vichwa na kurudia.

Sasa tazama ndani ya bomba. Kuna waliolala chali wakirusha miguu. Kuna waliokufa. Na kuna watatu, wanne, wamesimama wima ukutani, mguu wa nyuma juu, kama hakuna kilichotokea. Wote wametoka jaruba moja, umri mmoja, sukari moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana na chandarua maishani mwake. Hawa waliosimama walizoea lini?

Hawakuzoea. Walizaliwa hivyo.

Undani wake nitaupitia haraka, maana sio unaoniudhi. Pairethroidi, dawa iliyo kwenye vyandarua vyetu karibu vyote, huganda kwenye milango ya sodiamu ya seli za neva na kuizuia isijifunge, basi neva inapiga kelele bila kupumzika hadi mdudu anaanguka. Mlango huo ni protini, protini ina maelekezo yake kwenye DNA, na kwenye nafasi ya 1014 maelekezo yanasomeka TTA. Kuna mbu ambao herufi moja hapo imekosewa: TTT, iliyogunduliwa kwanza Afrika Magharibi, au TCA, iliyoelezwa kwanza kutoka magharibi mwa Kenya mwaka 2000. Herufi moja tu, na dawa haishiki tena vizuri. Mbu wengine wana milango ya kawaida lakini wana vimeng'enya vingi vya jamii ya P450, vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Anopheles funestus, ambaye kusini mashariki mwa Tanzania ndiye msambazaji mkuu wa malaria, ni fundi wa njia hii ya pili. Na DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, hushambulia mlango uleule wa sodiamu, kwa hiyo mbu anaweza kuistahimili pairethroidi kwa sababu bibi wa bibi zake walichujwa na DDT kabla pairethroidi haijafika kijijini. Mwambie mpiga simu wetu anieleze mbu huyo alizoea kitu gani.

Kuna atakayesema: labda dawa yenyewe ndiyo iliyoleta kosa hilo la herufi. Swali hili ni la heshima, wanasayansi wazima waliwahi kubishana juu yake. Mwaka 1952 Esther na Joshua Lederberg, watafiti wa bakteria, walilijibu kwa kitambaa cha mahameli. Walikuza makundi ya bakteria kwenye sahani isiyo na dawa, wakaigandamiza kwenye mahameli kama muhuri kwenye wino, halafu wakapiga muhuri huo kwenye sahani nyingine zenye dawa. Yale makundi machache yaliyoota penye dawa yaliota mahali palepale kwenye kila sahani. Wakarudi kwenye sahani ya mwanzo, wakachukua bakteria wa mahali hapo, ambao hawakuwa wamegusa dawa kabisa, na kuwakuta tayari ni sugu. Kosa lilitangulia, dawa ikalikuta. Makosa ya kunakili DNA hutokea kila siku, bila mpango wala huruma, na mengi hayana faida yoyote kwa mwenye nayo.

Hapa sasa ndipo panaponiudhi, na nitaganda hapo. Swali ambalo karibu kila mtu analiruka ni hili: nini hasa kimebadilika? Tulifundishwa ngazi za uhai tukazikariri: molekuli, seli, tishu, kiumbe, kundi, spishi, na kuendelea. Kwenye mtihani tukaziandika kwa mpangilio. Kisha tukaja mtaani tukasahau kwamba kila ngazi ina mambo yake, na jambo la ngazi moja halihami tu kwenda nyingine. Usugu wa mbu mmoja ni jambo la kiumbe: anao au hana, tangu yai. Usugu *kuongezeka* ni jambo la kundi. Mbu wa Muleba, mkoani Kagera, hawakugeuka; idadi ya walio sugu kati yao ndiyo iliyogeuka. Hakuna mbu hata mmoja aliyebadilika ili hilo litokee.

Chukua hesabu ya mfano. Tuseme kijiji kina mbu 10,000 na kati yao kumi tu wana jeni la usugu. Dawa inaua tisa katika kila kumi wa kawaida, lakini inaua mmoja tu kati ya wale kumi sugu. Wanabaki 999 wa kawaida na 9 sugu. Tulianza na mmoja katika elfu, sasa ni tisa katika elfu, na hatujamfundisha mbu kitu. Walio hai wakitaga, uwiano huo ndio unaorithiwa. Rudia. Kizazi cha nne kikishachujwa, karibu tisa katika kila kumi ni sugu, na kwenye joto vizazi vinne ni kama miezi miwili. Chekeche halifundishi punje kuwa ndogo. Linaamua tu zipi zipite.

Nimerahisisha mno, najua. Mbu wana nakala mbili za kila jeni, madume hawanyonyi damu na wengi hawaukaribii wavu, wapo wanaokula nje au wanaokula ng'ombe. Ndiyo maana kwa kweli ilichukua miaka badala ya miezi. Lakini mwelekeo wa hesabu ni uleule, na huo ndio uteuzi asilia. Twiga wa Lamarck, aliyedaiwa kujivuta shingo ikarefuka na kuwarithisha watoto urefu huo, tulimcheka kidato cha nne, tukapata alama mbili, tukatoka nje tukasema mbu wamezoea. Ni twiga yuleyule, amevaa mabawa.

Kwa nini nisiachie watu waseme wanavyotaka? Kwa sababu imani hiyo inaleta maamuzi. Mzee mmoja mkutanoni aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, si tuvifungie hivi vyandarua mwaka mzima, mbu wasahau dawa, halafu tuwashtukize?" Watu wakapiga makofi. Nikamjibu, "Mzee wangu, mbu hana alichokariri hata akisahau." Wakacheka, lakini jibu langu lilikuwa fupi kuliko ukweli, kwa sababu kupumzisha dawa kuna mahali kulifanya kazi kweli.

Malawi iliacha klorokwini, dawa ya kutibu malaria, mwaka 1993, wakati ilikuwa imeshashindwa na ugonjwa huo. Utafiti wa Blantyre uliochapishwa 2006 ulikuta inatibu tena karibu watoto wote waliopewa. Je, vimelea vya malaria vilisahau? Hapana. Vimelea sugu hulipa gharama kwa lile badiliko lao la jeni; penye dawa gharama hiyo inalipa, pasipo na dawa ni mzigo. Vile vichache visivyo sugu vilivyokuwa vimesalia vikazaana kuliko vyenye mzigo na kulirudisha kundi. Hesabu ni ileile, imepinduliwa tu. Kwa mbu mambo si mepesi hivyo. Gharama ya jeni la 1014 inabishaniwa, na hata kama kijiji kingefungia vyandarua vyote, bustani za nyanya na mashamba ya pamba yangeendelea kupuliziwa dawa za jamii hiyohiyo. Ni kiasi gani cha usugu kimetoka shambani na kiasi gani kitandani, waulize wataalamu watatu upate majibu manne. Na mwaka huo wa kusubiri, watoto wangelala wapi? Chandarua chenye dawa dhaifu bado ni ukuta, mradi hakina matundu.

Pacha wa imani hii ni "mwili wangu umezoea dawa." Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajameza klorokwini maishani mwake, akiumwa na mbu aliyebeba kimelea sugu, klorokwini haitamsaidia. Mwili wake una hatia gani? Kilicho sugu ni kimelea. Tanzania haikutoka klorokwini kuhamia SP, dawa nyingine ya malaria, mwaka 2001, kisha dawa mseto mwaka 2006, kwa sababu Watanzania walikuwa na miili yenye mazoea. Na sasa vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, vinavyochelewa kuondoka kwenye damu ya anayetibiwa kwa dawa mseto, viliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye Kagera. Vile vya Rwanda havikuletwa na ndege kutoka Asia, ukoo wao ni wa hukuhuku. Kosa lilelile la kunakili lilitokea mara nyingine, sehemu nyingine, na dawa ikalikuta.

Niwe mkweli kuhusu sehemu zinazonipa shida, maana vitabu huzipitia kimyakimya. Ya kwanza: mbu aliyeguswa na dawa kidogo bila kufa huweza kweli kuongeza utengenezaji wa baadhi ya protini za kujikinga. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba Anopheles coluzzii wana protini miguuni inayoishika pairethroidi, na wakiguswa na dawa huitengeneza zaidi. Hicho kinafanana sana na kuzoea, nakubali kwa shingo upande. Lakini uwezo wa kufanya hivyo ni wa kurithi, na msukumo wenyewe hauelezi kwa nini kundi zima la mkoa limegeuka. Ya pili: mbu wanaouma jioni mapema, nje. Wengine wanaita mageuko. Huenda ni hivyo mahali fulani, lakini mara nyingi Anopheles gambiae waliopenda ndani wamepungua na Anopheles arabiensis wa nje wakabaki wengi, au mbu amekuta wavu, akatafuta mlo kwingine, kama yeyote mwenye njaa. Kutofautisha haya matatu ni kazi ngumu, na nikisikia mtu anayatamka kwa uhakika huwa naangalia saa.

Twende kwenye wavu mpya. Majaribio ya Muleba, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha kwamba kuongeza kwenye wavu PBO, kemikali inayozizima zile P450, kunawarudisha mbu wengi kwenye orodha ya wanaokufa. Kisha Misungwi, mkoani Mwanza, 2022: vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na dawa nyingine, klofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, ukilinganisha na vya pairethroidi peke yake, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Kinachonifurahisha ni jinsi kinavyofanya kazi. Klofenapiri inaingia mwilini ikiwa karibu haina madhara, halafu P450 za mbu mwenyewe ndizo zinazoigeuza kuwa sumu, inayokwenda kuzima mitokondria, mitambo ya nishati ya seli. Mwenye vimeng'enya vingi anajimaliza. Mwenye vichache, pairethroidi ya wavu uleule inamsubiri.

"Mbu hawatakizoea hicho?" niliulizwa mwezi uliopita, na mtu aliyesoma hadi chuo. Kwenye kundi lenye mamilioni, mwenye kosa linalofaa huenda ameshatotolewa. Kuna mbu wenye gome nene miguuni, linalochelewesha sumu kupenya, na huenda mtego wa vimeng'enya usiwashike hao. Klofenapiri huua taratibu, kwa hiyo tunahesabu hadi saa 72. Wanaosimama wima siku ya tatu, hata akiwa mmoja, tunawatia kwenye kichupa na kuwapeleka kusomwa jeni.