Roboti hajamfukuza fundi saiti

Kila ikizunguka video ya roboti anapanga matofali utasikia "mafundi kwisha habari yao". Jamani hii stori si ya leo, kampuni ya Shimizu ya Japani ilileta roboti wa kupulizia vyuma dawa ya kuzuia moto tangu 1983 na mafundi bado wapo.

Mchukue SAM, roboti wa Marekani wa kujenga matofali: anapaka mota, yaani udongo wa saruji na mchanga, anaweka tofali, anarudia hivyohivyo bila kuchoka, ila pembeni yake kuna fundi anafuta mota iliyochuruzika na kunyoosha viungo, na kona anajenga fundi mwenyewe. Ile nyumba ya kampuni ya Apis Cor kule Urusi iliyoprintiwa kwa mashine ya 3D ndani ya saa 24 nayo, saa zile ni za kuta tu, paa na madirisha waliweka watu.

Mi naona mabadiliko makubwa yako kwenye kompyuta. Zamani ulikuwa unagundua bomba linagongana na boriti ukiwa tayari juu ya ngazi, unaanza kubomoa zege huku bosi anafoka, siku hizi modeli ya jengo kwenye kompyuta inakuonyesha mapema pale zinapokutana, unahamisha bomba kwa mausi kabla hata mchanga haujafika saiti.