Je, wajua "nice" lilikuwa tusi?

Siku hizi ukiweka picha yako mtandaoni watu wanajaza "nice" hadi unachoka kujibu asante. Sasa ungemwita hivyo Mwingereza wa miaka ya 1300 angekununia, maana ungekuwa umemwita mjinga.

Mzizi wake ni neno la Kilatini "nescius". Hiyo "ne" ni kukanusha, na "scire" ni kujua, kwa hiyo nescius ni mtu asiyejua kitu. Kumbuka "scire" hiyohiyo ndiyo imezaa "science", yaani nice na science ni ndugu wa damu kabisa ila mmoja anajua na mwenzie hajui! Neno likapita kwa Wafaransa wa zamani likiwa na maana ya mpumbavu, halafu Waingereza wakalichukua kwao, si unajua baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa ndo kilikuwa lugha ya wakubwa.

Ilikuwaje tusi likawa sifa? Lilisogea polepole. Mjinga huwa anaogopa watu basi likawa mwenye haya, mwenye haya naye ni mtu wa kujibanabana, hapendi hiki hataki kile, likawa mtu wa kuchagua sana, na anayechagua sana anaona vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni, likawa makini. Hapo ndo napapenda mimi, maana mjinga kashakuwa mtu makini bila mtu yeyote kukaa kikao kuamua. Kufika miaka ya 1700 likawa kitu kizuri, cha kupendeza. Ile maana ya umakini bado ipo, ukisoma mahali "a nice distinction" usidhani ni tofauti nzuri, ni tofauti ndogo sana inayotaka jicho kali.

Na sisi tunafanya hivyohivyo, mtu akiimba vizuri tunasema huyu ni hatari, na wala hatumkimbii.

Cha ajabu zaidi "silly" limetembea njia ya kinyume. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa mwenye heri, mbarikiwa, na Wajerumani mpaka leo wanasema "selig" kwa maana hiyohiyo. Kwa Waingereza mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, mwisho wakamwita mjinga, palepale "nice" ilipoanzia.