Mwili kuzoea mazoezi maana yake nini

Mtu akihamia Mwanza akapanga chumba juu kwenye mawe, tuseme Mabatini, wiki ya kwanza anapanda na ndoo ya maji huku moyo unamwenda mbio, na njiani lazima asimame avute pumzi. Mwezi na ushei ukipita, anapanda huku anaongea na simu. Mlima ni uleule, ndoo ni ileile. Mwili ndio umebadilika, na mabadiliko hayo yanayobaki ndiyo mwili kuzoea mazoezi.

Yasichanganywe na yale yanayotokea papo hapo. Ukiwa umetulia, moyo husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Ukipanda kwa nguvu zinaweza kufika 20, na damu nyingi huelekezwa kwenye misuli. Ukikaa chini, hali hurudi ilivyokuwa.

Kuzoea huja kwa awamu. Ndani ya siku chache majimaji ya damu huongezeka. Wiki za mwanzo unapata nguvu kabla misuli haijanenepa, kwa sababu ubongo umejifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja. Baadaye moyo husukuma damu nyingi kwa kila pigo, kwa hiyo mapigo ya mtu aliyepumzika hupungua: kwa kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika, ila kwa wakimbiaji wa mbio ndefu hushuka hata karibu na 40.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kushuka mlima ndiko kunakoumiza mapaja zaidi. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya paja hurefuka huku inazuia uzito wako, na nyuzi zake hupata michubuko midogo midogo. Maumivu huanza kesho yake na kuzidi siku ya pili au ya tatu. Watu husema ni asidi ya laktiki, lakini hiyo huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja au mbili tu. Na ukirudia mteremko huohuo wiki ijayo, maumivu hupungua sana.

Mwili huzoea kile unachoutaka ufanye, basi. Kuli wa soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, anayebeba magunia ya dagaa kutwa ana mgongo na miguu imara, lakini mtie ziwani aogelee, atahema kama sisi wengine.

Ukarabati wenyewe hufanyika ukiwa umelala na umekula vizuri. Sato, dagaa na maharage vyote vina protini inayohitajika. Kano, zinazounganisha misuli na mifupa, huenda polepole kuliko misuli, zinahitaji miezi. Hapa ndipo nawaomba wanaoanza mchakamchaka wasiwe na haraka: mapafu yanaweza kukubali kilomita nyingi wakati kisigino bado.

Ukiacha mazoezi, pumzi huanza kupungua ndani ya wiki mbili hivi. Nguvu za misuli hudumu zaidi. Hata baada ya wiki nne sehemu kubwa huwa bado ipo.