Dar kwa miguu: Feri alfajiri, Mwenge jioni

Kazi yangu ni kuzungusha watu Dar, wageni na wenyeji wanaotaka kuujua mji wao, na mtu akiniambia "nipeleke sehemu nzuri za kununua vitu" swali langu la kwanza ni unaamka saa ngapi. Akijibu saa tatu basi Feri, soko la samaki, tumeshaikosa, twende kwingine. Huu mji ukitaka ukupe vitu vyake vizuri lazima ujue saa na ujue mtaa, maana Dar biashara zimejigawa zenyewe kimitaa: ndizi za jumla Mabibo pale Mahakama ya Ndizi, nafaka Tandale, makabati na vitanda Keko, simu na makorokoro yake Aggrey. Mol zipo ndio, lakini mol haikufundishi kitu, bei imebandikwa na muuzaji mwenyewe hajui bidhaa imetoka wapi.

Tuanze Feri. Unashuka basi la mwendokasi kituo cha mwisho Kivukoni unatembea kidogo unafika, na kuanzia saa kumi na mbili hivi mnada unakuwa umechangamka, dalali anapandisha bei ya ndoo au ya fungu na kina mama wakaangaji wanaitikia kwa kidole au kwa jicho tu, ukizubaa imeshaenda. Mgeni usijitie kwenye mnada siku ya kwanza, simama pembeni uangalie, halafu ununue kwa aliyenunua mnadani, utamuongezea kidogo lakini utachagua samaki mmoja mmoja. Changu au kolekole mfunue mashavu uone wekundu, sio kahawia, jicho limetuna halijazama, bonyeza nyama ikirudi poa. Akikukataza kufunua mashavu mshukuru uondoke. Ukishanunua kuna vijana wa kupara hapohapo, wanaondoa magamba na matumbo kwa hela ndogo, na ukitaka kuna wa kukukaangia.

Kitu ambacho watu wa bara wengi hawakijui ni kwamba bei za pale zinafuata mwezi, na simaanishi mwisho wa mwezi wa mshahara, namaanisha mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, sasa mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, wavuvi wengi wa taa wanapumzika na dagaa wanaadimika. Pweza ni hadithi nyingine, anatafutwa miambani maji yakitoka mbali wakati wa bamvua, kwa hiyo mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio pweza wanaonekana zaidi. Mimi nina kalenda ya maji kupwa na kujaa kwenye simu na wateja wangu wananicheka, ila wakila pweza mwenyewe hawacheki.

Kutoka Feri unakata kati ya mji mpaka soko la Kisutu, kwa viungo na mboga ambazo sokoni kwingine hupati kirahisi. Hapa sheria yangu moja: nunua kizima, usinunue cha kusagwa. Unga wa binzari unaweza kuchanganywa na chochote na wewe usijue, lakini karafuu nzima inajieleza, iwe na kichwa chake hakijakatika, iminye kwa ukucha itoe mafuta, kama ni kavu kama kijiti hiyo imeshachoka au imeshakamuliwa. Iliki ipasue, mbegu ziwe nyeusi na zinanatanata kidogo. Na ukiwakuta kina bibi wanaouza kwa fungu, amkia kwanza shikamoo halafu ndio uulize, na usikomalie bei ishuke, omba nyongeza. "Bibi niongeze basi" inafanya kazi kuliko "bei ya mwisho ngapi", bei wanailinda ila mkono wao haulindwi.

Kariakoo nawapeleka hata wasionunua, kwa ajili ya lile jengo la soko. Alilichora Beda Amuli, msanifu Mtanzania, likafunguliwa 1975, na paa lake ni la zege lililofinyangwa kama miamvuli iliyogeuzwa juu chini, upepo unapita na mvua inakusanywa. Julai 2021 likaungua vibaya na watu wengi wakapoteza mtaji. Mimi naona mpaka leo hakuna soko lingine nchini lililofikiriwa vile. Pembeni yake ingia mtaa wa Uhuru kwa kanga. Doti inauzwa vipande viwili vimeshikana, kuna fundi cherehani barazani anakukatia na kupinda hapohapo. Soma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kabla ya kulipa tafadhali, kuna mteja wangu nusura ampelekee mama mkwe kanga ya mafumbo ya mitala kisa rangi nzuri.

Mchana ndio sanaa. Oysterbay kuna wachoraji wa Tingatinga, pale ambapo Edward Saidi Tingatinga alikuwa akiuza picha zake miaka ya mwisho ya 60 kabla hajapigwa risasi na polisi 1972 kwa kufananishwa na mtu mwingine. Alikuwa anachora kwenye mbao za dari kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, ndio maana zile picha zinang'aa vile. Leo tembo yuleyule utamkuta vibanda kumi, kwa hiyo usiulize bei kwanza, uliza "hii kachora nani, yupo?" Akiwepo akae aendelee na kazi wewe uangalie mkono wake unavyopita bila kusita, hapo utaelewa kwa nini ya huyu ghali na ya jirani rahisi. Ukitaka wanaojaribu mambo mapya nenda Nafasi, kituo cha wasanii kule Mikocheni, studio zao ziko kwenye makontena.

Jioni Mwenge kwa vinyago. Mpingo halisi ni mzito mpaka unazama kwenye maji, na kinyago kikiwa na sehemu ya ule mti mweupe wa nje usione kasoro, hiyo ni dalili nzuri. Kilicho cheusi tii kila mahali na ni chepesi, sugua chini kwa kitambaa chenye mate, rangi ya viatu itatoka yenyewe. Wachongaji wanakaa nyuma ya maduka, nenda huko nyuma, salimia, wengi ni wazee wa Kimakonde wana stori.

Jumapili msinipigie kwa ajili ya mjini kati, maduka mengi yamefungwa, na Ijumaa kati ya saa sita na saa nane wengi wako msikitini. Feri na Mwenge wapo.