"Huyo ni wa kampuni, si wetu"

Hapa Kampala, mwanafunzi akiuliza kwa nini mama anayedeki hosteli analipwa kiduchu, hujibiwa upesi: huyo ni wa kampuni, chuo hakihusiki. Wengi hunyamaza hapo.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mkataba wa kazi ni wake na kampuni, sawa. Lakini kampuni ilipata kazi hiyo kwa zabuni, na aliyeitangaza zabuni hiyo ni chuo. Kikimchagua aliyetaja bei ya chini kuliko wote, pa kubania ni pachache: sabuni na mifagio bei yake haipishani sana, kwa hiyo kinachobanwa ni mshahara. Chuo hichohicho kingeweza kuandika ndani ya zabuni kiwango ambacho mfanyakazi asilipwe chini yake. Mwaka 2015 wanafunzi na wafanyakazi Afrika Kusini walikikataa kisingizio hiki, na Chuo Kikuu cha Cape Town kikakubali kuwaajiri chenyewe watu wa kandarasi.

Wengine husema sheria itawalinda. Ipi? Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo hata kuku humpati kwa hizo. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais Museveni akakataa kuutia saini.

Kwa hiyo msimamizi wa usafi, ambaye naye huenda halipwi vizuri, si wa kugombana naye. Ulizeni ofisi ya ununuzi ya chuo: zabuni inasema nini kuhusu mishahara?